Kifaru wa Mlangoni kwa Bi Kudra

Nchi ya Yakini haiko mbali kama watu wanavyodhani, na jinsi Tusajigwe alivyofika huko si habari ya kutuchelewesha. Alifika, akakaribishwa, akavishwa joho la sufu na mabuti mazito, na yaliyomkuta baada ya hapo ndiyo tuliyokaa kuyasimulia.

Tusajigwe alikuwa mpiga picha wa Tukuyu. Alipiga harusi, ubatizo, mahafali, na zile picha ndogo za pasipoti ambazo hakuna anayezipenda. Watu walimsifu kwa subira. Bibi harusi akinuna, yeye humngoja mpaka uso ufunguke wenyewe. Ukungu wa kwao alikwisha kuupiga picha tangu usichana wake, na mvua, na mashamba ya chai yaliyolowa, lakini theluji hakuwahi kuiona. Aliposikia kwamba iko nchi ambayo watu wake hawana shughuli kubwa kuliko kupiga picha kwenye theluji, aliona huko ndiko waliko wenzake.

Alifikia kwa Sabiha, mwanamke wa rika lake, mjane, mwoka mikate. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa na joto kuliko zote mtaani kwa sababu ya tanuri. Kuta zake zilijaa picha. Palikuwa na farasi aliyeinama, bundi wawili waliopeana migongo, mbuzi mwenye pembe tatu, na viumbe wengine ambao lugha yetu haina majina yao. Wote walikuwa weupe. Ukitazama vizuri uliona kwamba huyu ni kichaka kilichoelemewa na theluji, na yule ni pipa lililosahaulika uani. Picha ya binadamu haikuwepo hata moja.

"Wazazi wako je, mbona siwaoni hapa?" Tusajigwe aliuliza.

"Wazazi wangu?" Sabiha alishangaa. "Wao walikuwepo, dada. Kila mtu aliwaona. Picha ni ya yule ambaye bila picha mtu angethubutu kukwambia hayupo."

Tusajigwe akaomba ampige japo yeye. Sabiha alicheka mpaka akaushika ukingo wa meza. "Mimi nipigwe picha ya nini, na mimi nipo?"

Jioni hiyo, akikanda unga, Sabiha alimweleza mgeni wake sheria za nchi, maana mbingu ilikuwa imeshuka na kila mtu alijua kwamba theluji i njiani. Mnyama aliyeonwa na mtu mmoja, alisema, ni ndoto. Aliyeonwa na wawili ni umbea. Lakini aliyeonwa na watatu, akapigwa picha, na picha ikagongwa muhuri na Mthibitishaji Mkuu, huyo ni raia. Raia wa theluji hakanyagwi, hafagiliwi, hamwagiwi maji ya moto, wala haambiwi neno la kumvunjia heshima. Jua la kiangazi likimyeyusha, huwekewa matanga.

"Na ukitaka kumtengeneza kidogo? Kumwongezea sikio?"

Sabiha aliacha kukanda. Akatazama dirishani kana kwamba kuna mtu anayesikiliza. "Hilo lisikutoke tena mdomoni. Kuumba ndilo kosa kubwa kuliko yote hapa kwetu. Mnyama huonwa, haumbwi. Ndiyo maana watoto wetu hufundishwa kutia mikono mifukoni kabla ya kufundishwa kutembea. Mwenyeji akiumba, huandikwa kipofu, na hakuna ruhusa ya kumuuliza anaona nini mpaka afe. Mgeni akiumba, kamera yake husagwa."

Tusajigwe aliipapasa kamera yake. Aliinunua kwa harusi nyingi za watu, na nyingine hakuwa nayo.

Asubuhi nchi yote ilikuwa nyeupe. Watu walitoka majumbani kimyakimya, mikono mifukoni, kamera vifuani, wakawa wanatembea taratibu kama waendao msibani, wakiinamisha shingo huku na huku. Ukimya ulikatishwa tu na sauti za wale waliokuwa wakibishana kwa upole. Kwani Yakini ina vyama viwili, Wapembe na Wamasikio. Kila kinachochomoza juu ya kichwa cha mnyama, Wapembe husema ni pembe, na Wamasikio husema ni sikio, na wako ndugu wa tumbo moja ambao hawajasalimiana tangu utotoni kwa sababu ya kichaka.

Tusajigwe alikwenda mpaka mwisho wa kichochoro. Hapo mlima ulishuka mpaka kwenye ukuta wa jengo moja, na kutoka juu ya paa lililokuwa limefunikwa lote palikuwa pameporomoka lundo kubwa la theluji. Alisimama. Hakuhitaji kukisia. Alikuwa kifaru, amelala, kidevu katikati ya miguu ya mbele, pembe moja puani na nyingine ndogo nyuma yake, na jua changa lilikuwa limempaka rangi ya maziwa ubavuni. Alipiga picha mpaka vidole vikafa ganzi, ndipo akaita watu.

Walikuja. Wakatazama. Katika Yakini hapajawahi kuonekana mnyama mwenye pembe puani, wala hawakuwa na jina lake, naye akawapa: kifaru. Wapembe walilia kwa furaha. Wamasikio walikaa pembeni wakinong'ona, kisha mmoja wao akagundua kwamba kifaru ana masikio pia, nao wakalia. Akaja Bwana Dhahiri, Mthibitishaji Mkuu, mtu mrefu, mpole, mwenye muhuri wa shaba uliokuwa ukining'inia shingoni. Aliitazama picha, akamtazama mnyama, akaitazama tena picha. "Ni yeye," alisema, akagonga muhuri. Kamba ikazungushwa, askari akawekwa.

Siku hiyo Tusajigwe alitukuzwa kuliko siku yoyote maishani mwake. Alikalishwa kiti cha mbele. Alisimuliwa habari zake mwenyewe na watu waliokuwa wamemjua kwa saa chache tu. Sabiha aliagizwa kuoka mikate yenye pembe puani, akaoka, lakini alikuwa kimya, na Tusajigwe alidhani ni uchovu.

Kesho yake wakiwa kwenye kifungua kinywa, Tusajigwe aliona kikapu mlangoni na mkate mmoja ndani yake, umekauka. "Huu wa nani?" akauliza.

"Wa Bi Kudra. Kila asubuhi humpelekea."

"Mbona jana hukumpelekea?"

Sabiha alijishughulisha na birika. "Nimpelekee kwa njia gani, dada? Anakaa nyuma ya mnyama wako."

Ilimchukua Tusajigwe muda kuelewa. Aliona tena mlima, ukuta, paa lililofunikwa. Alikuwa amedhani ni ghala. Akauliza kama nyumba ile ina mlango mwingine. Haikuwa nao, kwa kuwa nyuma ni mlima mtupu, na dirisha lake pekee lilikuwa upande uleule wa mlango. Akauliza kama yule bibi ana kuni. Sabiha alisema kuni za Bi Kudra hukaa nje, chini ya upenu, yaani chini ya tumbo la kifaru. Ndani huingiza za siku moja.

"Na wewe ulijua?"

"Kila mtu anajua," Sabiha alisema, machozi yakimlengalenga. "Tunaishi hapa."

Walikwenda wote wawili. Askari aliwaamkia kwa adabu. Aliwaruhusu kusimama kwenye kona ya ukuta, mradi wasiiguse kamba. Moshi ulikuwa ukitoka dohani, mwembamba kama uzi. Tusajigwe akaita.

"Shikamoo, bibi!"

Sauti ikatoka nyuma ya mawe, ndogo lakini yenye uchangamfu. "Marahaba, mwanangu. Nani huyo?"

"Mimi mgeni. Niliyempiga picha mnyama wa mlangoni kwako."

"Ahsante sana! Maisha yangu yote sijawahi kupata mnyama mlangoni. Ni mzuri?"

"Ni mzuri, bibi," Tusajigwe alisema. "Una moto huko?"

"Nimechoma kiti kimoja. Kile kingine nakihurumia, alikichonga marehemu. Lakini msimwamshe kwa ajili yangu. Mtasema nini kwa watu?"

Tusajigwe alitoka pale akaenda moja kwa moja barazani, kwa Waonaji wanaoamua mambo ya wanyama wa theluji, akaomba kusema. Alisikilizwa kwa heshima yote. Alieleza habari za Bi Kudra, kuni zake na kiti chake, kisha akasema kwa sauti tulivu aliyoitumia kwa maharusi walionuna: "Ndugu zangu, lile ni lundo la theluji. Nipeni beleshi, nitalitoa mwenyewe."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha wa kwao Tukuyu. Walipoona hacheki, walikasirika.

"Mgeni," Bwana Dhahiri alisema bila ukali, "maneno hayo ungeyasema kabla hujatuonyesha. Sasa tumemwona. Aliyeona hawezi kuombwa asiwe ameona."

Mpembe mmoja akasimama na kuuliza kama kweli ndani ya nyumba ile yumo mtu. Ameonwa na nani tangu theluji ianguke? Sabiha akasema amesikiwa. Mpembe akajibu kwamba kusikia si kuona, na sheria haitaji masikio. Hapo Wamasikio waliinuka kwa hasira, si kwa ajili ya Bi Kudra, bali kwa sababu masikio yametajwa vibaya, na mjadala ukahamia huko. Uliendelea mpaka chai ikaletwa. Mtu akauliza iwapo ipo picha ya Bi Kudra. Haikuwepo. Mwingine akasema, kwa huruma iliyoonekana ya kweli, kwamba itakuwa jambo zito kumfukuza raia mwenye muhuri kwa ajili ya mtu asiye na picha.

Mwisho Bwana Dhahiri akatoa uamuzi. Raia haondolewi. Akiondoka kwa hiari yake, basi alama aliyoiacha si mnyama tena, na alama inaruhusiwa kufagiliwa. "Tumsubiri," alisema. "Pengine atainuka."

"Amewahi kuinuka mmoja?" Tusajigwe aliuliza.

"Hatujawahi kupata picha yake," alijibu Bwana Dhahiri.

Tusajigwe alirudi kwa Sabiha na maneno hayo kichwani. Alikaa mbele ya tanuri, kamera mapajani, akiigeuzageuza. Aliikumbuka sauti ya yule bibi ikiuliza kama mnyama ni mzuri. Kisha akainuka, akavaa joho.

"Nionyeshe shamba ambalo hakuna mtu anayepita."

"La nini?"

"Usiulize, usije ukalazimika kujibu."

Sabiha alimtazama, akaelewa, akaketi chini. Lakini alisimama tena, akamwongoza kwa njia ya nyuma mpaka bondeni, chini ya misonobari, ambako theluji ilikuwa nzito na haijakanyagwa. Hapo Tusajigwe alipiga magoti, akaanza kuumba. Alikuwa amewapiga picha watu wengi lakini hakuwahi kufinyanga hata chungu, na kazi haikumtii. Mgongo wa kifaru ulitokea kama gunia. Kichwa kilianguka. Alikirudisha, kikaanguka tena. Sabiha alisimama kando, mikono mifukoni.

"Unaiminya mno," alisema hatimaye. "Ukiiminya hivyo inakatika."

"Basi nifanyeje?"

Sabiha alitazama nyuma yake, juu mlimani, ambako uzi wa moshi ulikuwa hauonekani tena. Kisha akatoa mikono mifukoni. Aliiangalia kama mtu anayeangalia mikono ya mwingine, akapiga magoti, akaigusa theluji. Aliikanda kama alivyokanda unga kila siku ya maisha yake, akaikunja, akaipapasa, akailaza, na mgongo wa kifaru ukajaa, shingo ikashika, kidevu kikatua. Pembe aliitengeneza mwisho, kwa ncha za vidole, huku akilia na kutabasamu.

"Kumbe ni hivi," alisema. "Kumbe ni hivi tu."

Walichimba nyayo kubwa kutoka mlimani mpaka bondeni, wakafuta za kwao kwa tawi la msonobari. Tusajigwe akapiga picha, akiipanga kama alivyoipanga ile ya kwanza, jua likiwa upande uleule. Ukiziweka mbili pamoja, ungesema mnyama ni yuleyule.

Habari zilipotangazwa, mji mzima ulimiminika bondeni. Bwana Dhahiri aliwazuia watu kwenye misonobari, akaenda mbele peke yake pamoja na Tusajigwe na Sabiha. Alimzunguka kifaru polepole. Alipofika ubavuni aliinama, akakaa ameinama kwa muda mrefu.

Tusajigwe aliona alichokuwa anakitazama. Chini ya mbavu, wazi kama muhuri, palikuwa na alama ya kiganja na vidole vitano.

"Sabiha," Bwana Dhahiri alisema, bila kuinua uso. "Moshi wa Bi Kudra bado unatoka?"

"Asubuhi ulitoka, bwana. Sasa hautoki."

Mthibitishaji Mkuu akatoa mkono wake mfukoni, mkono mweupe ambao haukuwa umezoea baridi, akaipangusa ile alama taratibu mpaka ubavu ukawa laini.

"Mnyama akilala sana, manyoya hulala vibaya," alisema. Akaishika picha, akagonga muhuri, na kuugonga kwake kulisikika bonde zima. "Ameinuka! Yuko hapa. Na raia hawezi kuwa mahali pawili."

Shangwe zilizopanda hazijapata kusikika Yakini. Mnyama aliyetembea! Watu walisukumana kumwona, na Wapembe na Wamasikio walikumbatiana, kisha wakakumbuka, wakaachana. Hakuna aliyetaka kuondoka. Kwa hiyo waliopanda mlimani na mabeleshi walikuwa Tusajigwe, Sabiha, na yule askari, ambaye alikuwa bado amesimama penye kamba kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke. Walipomwonyesha picha yenye muhuri, aliikunja kamba vizuri, akaomba beleshi.

Walichimba bila kuzungumza. Theluji iliyokuwa ubavu ilikuwa imeganda kama jiwe. Walipoufikia mlango, askari aliusukuma kwa bega, nao ukafunguka. Ndani palikuwa na giza na baridi. Bi Kudra alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha pili, amejifunika zulia mpaka kichwani, na Sabiha alipiga kelele kwa kuwa alidhani amekwisha.

"Usinipigie kelele, nipo," Bi Kudra alisema. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya buluu. "Nilisinzia tu. Ameondoka?"

"Ameondoka, bibi."

"Kwa hiari yake? Hamkumfukuza?"

"Kwa hiari yake," Sabiha alisema, akaangua kilio, akamkumbatia.

Wakamsugua mikono. Wakawasha moto kwa kuni zilizokuwa chini ya upenu, askari akachemsha maji, wakamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi na mkate uliolowekwa. Rangi ilimrudia kidogokidogo. Akaomba aonyeshwe mahali alipokuwa amelala mgeni wake, wakamshika huku na huku, wakamtoa mpaka kizingitini.

Jua lilikuwa linateremka, na theluji waliyoitupa kando ya mlango ilikuwa imejilundika, lundo kubwa pamoja na dogo. Bi Kudra alilitazama lile lundo. Uso wake mdogo, ambao haukuwahi kupigwa picha, ukang'aa.

"Jamani," alinong'ona. "Ng'ombe."

Askari alisogea. Akainamisha shingo. "Ng'ombe," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Amelala. Na ndama wake ubavuni."

Wote watatu wakamgeukia Tusajigwe, mwenye kamera.

Alitazama. Angependa kusema kwamba hakuona kitu, lakini alimwona: shingo iliyogeuzwa nyuma, pua ikimgusa ndama kwenye paji la uso, na jua likipita juu yao kama mkono. Katika maisha yake yote hakuwa amepata picha nzuri kama ile. Kamera ilikuwa kifuani kwake, imefunguka. Ng'ombe alikuwa amelala nusu kwenye njia, nusu kwenye mlango.

"Namwona, bibi," Tusajigwe alisema. "Ni mzuri sana." Akaifunga kamera, akaokota beleshi.

"Unafanya nini?" Bi Kudra aliuliza kwa hofu.

"Namsogeza, bibi. Hapa ni mlangoni pako."

Askari alimtazama Sabiha, na Sabiha akatazama mikono yake. Bi Kudra alisimama kizingitini akiwa ameushika mwimo wa mlango, akiitazama njia, akilitazama lundo, na ilionekana wazi kwamba hilo ni jambo ambalo hakuwahi kulifikiria.

"Basi polepole, mwanangu," alisema. "Ana ndama."